Tairi la Theluji

Kijana mmoja, wapendwa, alikuwa na digrii ya uhandisi wa mitambo, suti moja, na mdomo. Digrii ilikuwa kabatini tangu ahitimu. Suti ilitoka siku za harusi za wenzake. Mdomo ndio uliokuwa na ajira ya kudumu: uliwatukana wenye makampuni, uliwatukana waliosoma naye wakapata kazi, uliutukana hata uji wa asubuhi kwa kuwa mwepesi. Mnamjua. Msitazamane, mnamjua, wengine mmemwacha nyumbani amelala.

Siku moja akaitwa kwenye usaili Dodoma. Baada ya barua zote alizoandika, jibu moja. Basi familia nzima ikasema tunakwenda naye. Baba akashika usukani wa kigari chao kikuukuu. Mama akakaa nyuma na chupa ya chai na mfuko wa machungwa. Dada yake, muuguzi, akaomba ruhusa kazini. Wakatoka Singida kama watu wanaopeleka mahari.

"Seriously, who goes to an interview na mama yake?" kijana akalalamika.

"Wewe," dada akamjibu. "Funga mkanda."

Manyoni wakasimama kuweka mafuta. Dada akashuka kunyoosha miguu, akaona tairi moja la nyuma limevimba ubavuni kama shavu lenye jino bovu. Kijana akachuchumaa, akalitazama. "Hili halifiki popote. Litapasuka na sisi ndani." Na spea? Spea ndiyo hiyo hiyo. Ilikuwa kazini tangu Pasaka.

Duka la matairi lilikuwa ng'ambo ya barabara. Muuzaji, mtu mcheshi, akavingirisha nje tairi jipya linalong'aa.

"Hili hapa, injinia! Soma herufi: V! Hii ni ndege!"

Kijana akainama, akasoma. "V ni kilomita mia mbili na arobaini kwa saa, ndugu yangu. Sisi tunakwenda Dodoma, hatuendi mbinguni. Na hili ni la ringi kumi na sita, yetu kumi na nne. Unataka tulivae shingoni?"

Muuzaji akacheka, akaingia ndani, akatoka na jingine, mtumba. Saizi ndiyo. "La saizi yenu ni hili tu. Limetoka Japani."

Kijana akapitisha kidole kwenye mikato myembamba ya mpira, akasoma maandishi ya ubavuni, akasimama wima.

"Snow tyre! Tairi la theluji! Kaka, Manyoni ilianguka theluji lini?"

"Bosi, tairi halichagui barabara."

"Mpira unachagua!"

Hapa, wapendwa, nataka msikilize vizuri, maana kijana alihubiri bila kujua anahubiri. Elimu anayo, tusimwibie. Akamgeukia baba yake akamwambia: "Hii herufi inasema mwendo wa mwisho ambao tairi linaweza kuuvumilia kabla joto halijaliua. Yale matatu yetu yana H, mia mbili na kumi. Hili lina Q, mia na sitini, na hiyo ni enzi za ujana wake. Sasa limezeeka, mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa ajili ya barafu, na jua lenyewe ndilo hili. Tukilifunga, gari halifuati tena matairi yenye nguvu, baba. Gari zima linafuata lile dhaifu. Themanini. Usizidishe hata kidogo."

"Na usaili wako?" baba akauliza.

Kijana akatazama saa. Kisha akasema neno la Kiingereza ambalo sitalitafsiri hapa madhabahuni.

Wakalifunga. Wakaondoka. Themanini.

Mmewahi kutembea themanini mkiwa na haraka? Mabasi yakawapita yakipiga honi. Fuso la vitunguu likawapita. Mwisho ikawapita bodaboda iliyobeba tenga la kuku, na kuku mmoja akageuza shingo akamtazama kijana kwa huruma.

"Baba, ongeza kidogo."

"Ulisema themanini."

"Nilisema, lakini they won't wait for me! Nafasi moja, watu kibao, na mimi nimekwama hapa! Why? Tairi moja! Matatu mazima, hayana kosa, yanatambaa kama wagonjwa kwa sababu ya moja lisilofaa. Ningekuwa mimi ndiyo hayo matatu, hilo ningelitupa porini. Nani anaishi hivyo? Niambieni, nani?"

Mama alikuwa anamenya chungwa kule nyuma. Akakata kipande cha kwanza, akamnyooshea mwanawe.

"Sisi," akasema. "Kula, baba, hujatia kitu tumboni."

Hakusema kwa ukali. Labda hata hakukusudia kumchoma. Lakini kijana alishika kile kipande cha chungwa asiweze kukipeleka mdomoni.

Akamtazama baba yake, aliyekuwa amestaafu ualimu na bado kila jioni anafundisha tuisheni mpaka sauti inakauka. Akamkumbuka mchumba wa dada yake, mtu mpole, ambaye harusi yake ilisogezwa, ikasogezwa tena, na kila mara dada alisema, "Tusubiri mdogo wangu asimame kwanza." Akaiona nyumba yao, nusu bati jipya, nusu bati la kutu, kwa kuwa mabati yaliyobaki yaligeuka ada ya mwaka wake wa mwisho. Watu watatu wenye uwezo wa kwenda mbali, wanakwenda themanini. Na hakuna aliyewahi kumsomea herufi yake.

Ule mdomo, wapendwa, ukatoa neno ambalo nyumba ile ilikuwa haijalisikia kwake kwa muda mrefu.

"Asanteni."

"Kwa chungwa?" dada akauliza.

"Hapana. Baba, themanini inatosha."

Walipofika, jina lake lilikuwa limeshaitwa na kupitwa. Akaambiwa asubiri wengine waishe. Akaingia wa mwisho kabisa, vumbi mpaka kwenye kola. Mwenyekiti akamuuliza, "Mbona umechelewa?" Mngemtarajia amjibu mtu kwa wembe, sivyo? Alisema hivi tu: "Nimeletwa na watu watatu wanaotembea mwendo wangu."

Mnataka kujua kama kazi aliipata. Naona mnavyojivuta mbele kwenye mabenchi! Mimi nazungumza habari za matairi, ninyi mnaulizia mshahara. Siwaambii. Siku ile alipata kitu kabla hajafika Dodoma, na hicho ndicho kilichonileta mbele yenu.

Sisi hapa tunapenda kujihesabu miongoni mwa yale matatu. Kila mmoja anajua nani anamchelewesha: mke mzito, ndugu asiye na kazi, mzee anayeuliza swali lile lile. Lakini nani kati yetu amewahi kukaa akajiuliza, ni nani waliopunguza mwendo kwa ajili yangu? Dada aliyeacha shule ili wewe usome. Mume aliyekaa kimya ulipokuwa unaumwa hasira mwaka mzima. Hata kwenye kwaya hii yumo mmoja ambaye wote wanamshushia sauti, naye anadhani anaimba! Tunamshukuru Mungu tumefika salama, na ni vizuri. Waliokubali kuchelewa pamoja nasi, tumewashukuru?

Na Mungu mwenyewe je? Yeye aliyeumba radi, ambaye hakuna herufi ya kuuandika mwendo wake, alikubali kutembea kwa miguu, vumbini, na watu wasioelewa upesi. Hakututupa porini. Alishika mwendo wetu.

Kwa hiyo leo sitawaambia mgeukiane mshikane mikono; hayo ni rahisi. Nenda nyumbani. Mtafute yule aliyekusubiri, mwambie asante. Atakuuliza ya nini, mbona leo, mbona umechelewa hivyo.

Mwambie kweli. Mwambie nilikuwa nakuja, mwendo wenyewe ulikuwa themanini.