Siku ya Kulaza Majani

Paukwa!

Pakawa!

Wa huko nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Mvua?

Ya mbegu.

Jembe?

La mwenye shamba.

Na mvivu?

Apalilie kwanza, ndipo ale.

Haya, kaeni kitako. Na wewe mama mtu, usijifanye unachambua mchicha, hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima wenyewe, palikuwa na bonde likiitwa Kinyunyu. Udongo wake mweusi. Ukitema mbegu, inaota. Ukisahau fimbo, inaota. Kila mmoja alikuwa na matuta yake, na kila tuta lilikuwa na maboga.

Humo bondeni aliishi Bi Nungunungu. Mtu mzima, miba yake imeanza kuwa myeupe kwenye ncha. Akitembea, chaka, chaka, chaka, majirani wanajua anakuja nani.

Bi Nungunungu alikuwa na mbegu ya boga aliyoachiwa na marehemu mama yake. Majani yake yana madoa meupe, kama yameguswa na mkono wenye unga. Boga lenyewe dogo, la milia, lakini ukilipika linakuwa kavu na tamu, halidai sukari, halidai nazi. Zamani wengi walikuwa nayo mbegu hiyo. Wakaiacha mmoja mmoja, wakafuata maboga makubwa yanayojaza jicho. Akabaki nayo yeye peke yake.

Sasa sikilizeni desturi ya Kinyunyu. Kila masika, mimea ya maboga ikishaanza kutambaa, palikuwa na siku ya kulaza majani. Wakulima walikutana kwenye jiwe bapa kando ya njia, kila mmoja na majani mawili. Kwanza unalaza jani bovu, lenye tundu au lenye ukungu. Unasema, "Hili limenishinda." Halafu ndipo unalaza jani zuri. Kisha watu wanakula. Kesho yake wote wanachukua majembe, wanakwenda kwa yule ambaye jani lake lilikuwa bovu kuliko yote.

Bi Nungunungu aliikumbuka siku hiyo ya zamani, na akiikumbuka roho inamwenda mbali. Alikuwa mdogo, miba bado laini, amekaa mkekani na bakuli la uji wa mtama. Mahindi yanachomwa. Wazee wanabishana, samadi ya mbuzi na samadi ya ng'ombe, ipi bora, wanabishana mpaka jua linashuka na hakuna aliyeshinda. Mama yake anasimama, analaza jani lake bovu mbele za watu bila haya yoyote, kama mzazi anayemwonyesha mganga mtoto mwenye homa. Halafu anarudi kukaa, anamlisha mwanawe punje za mahindi. Hakukuwa na siku tamu kama ile katika mwaka mzima.

Ikaishaje? Hakuna aliyeivunja. Ilikwisha yenyewe. Mwaka mmoja Kima alikuja na jani zuri kubwa kama ungo, na lile bovu akasema amelisahau nyumbani. Watu wakampigia makofi. Mwaka wa pili Kanga naye akasahau lake. Mwaka wa tatu Fuko akasahau. Mwaka wa nne Bi Nungunungu akajiona mshamba kuwa peke yake na jani lenye matundu, akaliacha mlangoni. Tangu hapo siku ya kulaza majani ikawa siku ya kujisifu, kila mtu analaza jani moja, zuri, kisha anawahi kwake.

Basi, mwaka ninaousema mimi, masika ilianza vizuri. Mvua ya kiasi, jua la kiasi. Mbegu za Mama zikaota matuta tisa, zote. Bi Nungunungu akawa anaamka, anakwenda kuziangalia kabla hajanawa uso. Siku moja akageuza jani, akaona chini yake vijiyai vidogo, vya manjano, vimejipanga. Akasema vitaondoka.

Viwavi wakatoka. Kru, kru, kru. Tuta la kwanza. Kru, kru, kru. Tuta la pili. Akawatoa kwa mkono, miba inamzuia kuinama vizuri, wanakuwa wengi kuliko vidole vyake. Kru, kru, kru. Tuta la tatu, la nne, la tano.

Angemwita nani? Aliona aibu. Alijiuliza bonde litasemaje, mtoto wa mama yule, yule aliyejua maboga kuliko wote, ameshindwa kuilea mbegu ya mamaye. Akachukua matawi ya miiba, akaziba uwazi wa ua wake. Siku mbili baadaye Kanga alipiga hodi, Bi Nungunungu akazungumza naye hapo hapo nje. Akasema kwake ni kuzuri tu. Kanga naye akasema kwake kuzuri tu, akaondoka haraka bila hata kuomba maji, na Kanga mnamjua, si mtu wa kuondoka haraka.

Ilipofika siku ya kulaza majani, yalibaki mashina matatu katika matuta tisa, nayo yamebaki mbavu tupu. Hapakuwa na jani la kumwonyesha mtu.

Bi Nungunungu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Asubuhi alishuka kivukoni. Ng'ambo ya mto palikuwa na boga limejiotea lenyewe kwenye matope mekundu, halina mwenyewe, viwavi hawajavuka maji kulifikia. Majani mapana, mazima. Akachuma moja. Aliona vikonyo vingine vimekatwa na vinadondosha maji, akadhani kuna mtu amekwisha kuchuma mboga. Akalikunja jani lake katika leso, akaenda, chaka, chaka, chaka, na moyo wake mzito.

Kwenye jiwe walikuwapo watu watatu. Kima, mwenye maneno. Kanga, jirani yake wa ua kwa ua. Na Fuko, mpole, asiyeona vizuri, anayelijua shamba kwa kulipitia chini.

Kima akalaza jani lake. Akasema mwaka huu maboga yake yamemtii kama watoto. Wakalisifu. Kanga akalaza lake, akasema maneno mafupi, jambo la ajabu. Wakalisifu. Fuko akalaza lake, akasema Mungu amesaidia. Wakalisifu.

Zamu ya Bi Nungunungu. Akafungua leso, akalaza jani. Pana, kijani, safi. Halina doa jeupe hata moja.

Hebu niambieni. Bonde zima lilijua kwamba majani ya boga la mama yake yana madoa. Mtoto mdogo alijua. Bi Nungunungu akasubiri aulizwe. Hakuna aliyeuliza. Kima akasema, jani zuri sana hilo. Kanga akasema, zuri sana. Fuko akasema, zuri.

Hapo ndipo alipoinama, akatazama. Jani la Kima, upana ule ule. La Kanga, upana ule ule. La Fuko, upana ule ule. Na kwenye vikonyo vyote vinne, matope mekundu ya kivukoni hayajakauka.

Bi Nungunungu aliliokota jani lake. Alimkumbuka mama yake amesimama mahali pale pale, na machozi yakamjia. Akasema, "Jani hili si langu. Nimelichuma kivukoni leo asubuhi. Yangu yameliwa na viwavi. Mbegu ya Mama inakufa kule nyumbani, na mimi nimewafungia ua."

Kima akalivuta jani lake nyuma.

Kanga akajifuta macho kwa bawa. "Na mimi, dada. Nimebakiwa na vijiti."

Fuko akakohoa. Akasema yeye haoni, lakini alipopapasa lile shina la kivukoni alikuta limekwisha kukatwa mara mbili tatu, akajua si yeye wa kwanza kusema uongo mwaka huu.

Wakamgeukia Kima. Kima akajikuna mgongo. Akajikuna kichwa. Mwisho akasema, "Haya. Lakini langu nililichuma alfajiri, kabla yenu. Ndiyo maana ni kubwa." Wakacheka wote, hata Bi Nungunungu na machozi yake, wakacheka kama walivyokuwa wakicheka zamani.

Hawakungoja kesho. Walikwenda kwa Bi Nungunungu siku ile ile, wakayaondoa matawi ya miiba. Kila mmoja alipita kwake kwanza, akazoa majivu ya mafigani, akaja nayo. Kanga akala viwavi, dko, dko, dko. Kima akageuza majani yaliyobaki kwa vidole vyake vyembamba, akaponda mayai, ti, ti, ti. Fuko akaingia chini ya matuta, akawatoa mabuu waliojizika udongoni, fukufuku, fukufuku. Bi Nungunungu akanyunyiza majivu, fuu, fuu. Na walipokuwa wakifanya kazi, kikawatoka kiitikio cha palizi ambacho hakuna aliyekiimba kwa miaka:

Twende tuta kwa tuta,
tuta la mwenzangu ni langu.
Twende tuta kwa tuta,
jua halijazama.

Walipomaliza wakaenda kwa Kanga. Kesho yake kwa Fuko. Kesho kutwa kwa Kima, na huko kwa Kima ndiko kulikuwa kubaya kuliko kote, hapakuwa na kitu cha kijani isipokuwa magugu. Hakuna aliyemcheka.

Sasa msidhani mambo yalikwisha vizuri siku moja. Mashina matatu ya Bi Nungunungu, mawili yalikufa. Moja likatoa majani mapya, likatoa maua, likashika boga moja. Moja tu, dogo, la milia. Alipolipasua baada ya kuvuna, mbegu nyingi zilikuwa makapi. Mbegu nzima zilikuwa kumi na mbili.

Bi Nungunungu alizipanga mkekani mbele yake, akakaa nazo mchana kutwa. Alitaka kuzificha zote. Zilikuwa za mamaye, zilikuwa ndizo zilizobaki duniani, na yeye alizitolea jasho. Lakini kila akizifunga kwenye kitambaa anaikumbuka miiba aliyoziba nayo ua, na nafsi inamsuta. Jioni ile alimpelekea Kanga mbegu tatu. Akampelekea Fuko tatu. Akampelekea Kima tatu, naye Kima akasema hastahili, maana mbegu hiyo hiyo aliwahi kuitupa zamani akisema maboga yake ni madogo. Bi Nungunungu akamwambia azipokee tu. Akabakiwa na tatu.

Mwaka ukapita. Masika ikarudi. Wakapanda.

Siku ya tano, kwa Bi Nungunungu hakuna kitu. Siku ya nane, hakuna kitu. Siku ya kumi na mbili akafukua kwa ukucha, polepole, akakuta mbegu zote tatu zimeoza. Alikaa chini pale pale tutani. Aliona kama mama yake amekufa mara ya pili, na safari hii amemzika yeye kwa mkono wake.

Siku ya kulaza majani ikafika. Alifikiri asiende. Akaenda. Akasimama mbele ya wenzake, akalaza mbegu zilizooza juu ya jiwe, akasema, "Hizi zimenishinda."

Kanga akainamisha kichwa. Akasema zake ziliota, wanawe wakazidonoa zingali changa, naye amewachapa lakini kuchapa hakuotishi mmea. Fuko akasema yeye alipita chini yake bila kujua, akaikata mizizi. Walibaki wakitazama jiwe.

Akabaki Kima. Safari hii hakujisifu, Kima huyo huyo. Alifungua kiganja, akalaza jani. Jani lenyewe dogo, limekunjamana, manjano ukingoni, lina matundu mawili. Na katikati yake, madoa meupe.

Kima akasema, "Hili ndilo bovu langu. Mbili hazikuota. Hii moja imeota lakini inanisumbua, sijui inataka nini. Bibi, njoo unionyeshe mama yako alikuwa anafanyaje."

Bi Nungunungu alilichukua jani lile bovu kwa mikono miwili. Aliliweka shavuni akalia mbele za watu wote, kisha akafuta macho, akauliza kama kuna mtu ana jembe karibu.

Wanangu na wakubwa wangu, funzo ni hili. Tuta lako likiugua, mwonyeshe jirani lingali hai, usingoje aibu ikuishe. Na ukiwa na kitu kizuri ulichoachiwa na wazee wako, kigawe mapema, maana ulichokifungia peke yako kikikufia hutakipata tena, lakini ulichompa mwenzako huenda ndicho kitakachobaki.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipofika, nami jembe nimelilaza. Ikiwa tamu, kaipandeni kwenu. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.