Pumzi ya Bi Sikudhani

Walikuwa watatu, na kila mmoja alijaliwa lake. Dokta Rwegasira, bingwa wa upasuaji, alijaliwa mikono: aliketi pembeni, macho kwenye darubini ya mashine, akaongoza roboti ndani ya kifua cha mtu bila kutikisika. Chikoti, nesi wa meza ya upasuaji, alijaliwa wepesi. Kila asubuhi alijizoeza kuchomoa mikono ya roboti kwenye mdoli wa sponji, wenzake wakimcheka. Tunu, daktari wa usingizi, alijaliwa macho. Alikuwa pia kaimu mkuu wa chumba cha upasuaji wa moyo kwa mwaka wa sita, muda ambao hospitali ile iliuita mfupi. Na kaimu hamkatalii bingwa.

Siku hiyo alilazwa mezani Bi Sikudhani, mpishi wa shule. Pafu la kushoto lilipumzishwa ili roboti ipate nafasi. La kulia likapumua kwa mrija. Walipomgeuza ubavu, Tunu akasema, "Dokta, niukague tena mrija."

"Tumechelewa, dada. Ratiba haimsubiri mtu."

Tunu akauacha mrija bila kuukagua.

Upasuaji ukiwa katikati, mrija ukateleza. Kabla kengele haijalia, Tunu aliona mchoro wa pumzi kwenye skrini umelegea. "Simama! Nataka mapafu yote mawili!" Asingeona, mama angekwisha.

Rwegasira alikuwa ameshika mshipa unaochuruzika damu. Aliubana kwa kibanio mara moja, mahali penyewe, akaiachia roboti. Asingebana, mama angekwisha.

Chikoti alichomoa mikono yote minne kabla hujahesabu ishirini, pafu lipate pa kutanukia. Angechelewa, mama angekwisha. Tunu akarudisha mrija, pumzi ikajaa.

Bi Sikudhani alipozinduka aliuliza nani anawapikia watoto.

Bodi ya hospitali ilifurahi, ikaandika barua ya pongezi kwa roboti. Tunu akaichana. Ndipo Bwana Mfinanga, katibu, akaleta fomu: aliyemwokoa mgonjwa athibitishwe kuwa mkuu, awe na neno la mwisho chumbani. Mstari mmoja tu.

"Andika majina matatu," Tunu akasema.

"Herufi zitabanana, Dokta."

"Mtu amebanwa pumzi, wewe unahurumia herufi!"

"Tuseme kweli, dada," Rwegasira akaingilia. "Mshipa niliubana mimi."

"Na kuukagua mrija ulinikataza wewe!"

"Nawe ukakatazika."

Neno hilo lilimchoma Tunu kuliko kisu, maana lilikuwa kweli.

"Wakubwa, gombaneni," Chikoti akasema. "Mimi nilikuwa na mdoli wangu."

"Nesi awaongoze madaktari?" Katibu akashtuka. "Hiyo ina fomu yake."

Tunu akaitwaa kalamu. Kesho saa mbili asubuhi mgonjwa mwingine analala pale mezani, na lazima mmoja awe na haki ya kusema "simama" akasikilizwa.

Haya, ninyi mliosikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani?