Mkeka wa Mwajabu na Mawifi Watatu

Sogeeni. Mwenye sikio alitege, na mwenye jibu alifiche mpaka nimalize, maana kesi hii imenishinda mimi mwenyewe.

Paliondokea Tanga fundi mafriji aitwaye Shaweji, mwenye dada watatu. Wa kwanza, Sikudhani, alikuwa na jicho. Kazi yake ilikuwa kupanga matangazo ya maduka mtandaoni, na akishapitia picha ulizogonga laiki, anakujua kuliko shoga yako. Mwanahija alikuwa na ulimi, ule utamu wa maneno unaomtoa nyoka pangoni. Tausi alikuwa na mikono; mpe miyaa, atakupa mkeka.

Shaweji yeye alikuwa na moyo mzuri na haraka nyingi, na haraka ndiyo iliyomponza. Mkewe, Mwajabu, alipoteza mimba. Machozi hayajakauka, simu yake bado inamletea matangazo ya vitanda na mabeseni ya watoto, kwa kuwa alivitafuta siku za furaha. Simu haijui msiba. Shaweji akachungulia, akayaona, akajisemea, "Kumbe bado anavitaka! Nikimnunulia atapata tumaini." Akaja na beseni dogo la waridi, limefungwa utepe. Mwajabu alilitazama mara moja tu. Akavaa baibui lake, akaenda kwa mama yake Pangani.

Shaweji alilia, tena kwa sauti. Akawaita dada zake.

"Dada zangu, nirudishieni Mwajabu. Atakayemrudisha, Mungu akitujalia binti, mtoto atabeba jina lake."

Ndipo Sikudhani akashika simu. "Wewe mdogo wangu ulitazama anachouziwa," alisema. "Mimi natazama anachokipenda." Akazipitia laiki zote za wifi yake. Nguo chache, mapishi machache, na mikeka, mikeka, mikeka. Chini ya picha moja Mwajabu alikuwa ameandika, "Kama ule wa bibi aliyenilea." Bila jicho la Sikudhani, nani angejua?

Lakini mkeka wa bibi ulifananaje? Hapakuwa na picha yake. Mwanahija akafunga safari hadi Pangani, na mama yake Mwajabu akamkuta mlangoni.

"Mtu wa nyumba ile asinitilie mguu hapa! Mwanangu kalala, kachoka kulia."

"Sikuja kumchukua, mama. Nimekuja kukupa pole, tena nimechelewa. Nisamehe."

Akakaa barazani, akamenya naye mihogo, wakalia pamoja, kisha akaomba aonyeshwe mkeka wa bibi. Mwishowe yule mama akaingia ndani, akatoka na kipande cha ukili kilichobaki mkeka wa bibi ulipochakaa. Bila ulimi wa Mwanahija, nani angekipata?

Tausi alikigeuza kile kipande mkononi. Msuko ule hakuwahi kuusuka. Akasuka akafumua, akasuka akafumua. Rangi ya kwanza ikapauka, ya pili ikakolea mno. Vidole vikamvimba hata kumega ugali akashindwa. Mkeka ulipokwisha, ukili wa bibi ulikuwa katikati yake, na huwezi kuonyesha wa kale uliishia wapi.

Shaweji akaupeleka mwenyewe. Mwajabu akautandika, akalala juu yake, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu msiba. Alipoinuka alimwambia mumewe, "Leo ndiyo umenipa pole. Twende nyumbani."

Mungu si Athumani, binti akazaliwa. Siku ya akika sheikh akauliza jina pale barazani. Shaweji akaingia ndani kwa wanawake, na ndani hakukaliki.

"Bila mimi mngempelekea nini?" Sikudhani alikuwa akisema. "Beseni jingine?"

"Uliona picha tu, dada," Mwanahija akajibu. "Mlango wa Pangani nani aliufungua?"

Tausi alisema polepole, "Hakulalia picha wala maneno. Alilalia mkeka."

Shaweji aliwatazama akaona kila mmoja ana haki, na jambo hilo lilimuuma kuliko ugomvi wenyewe. Akamgeukia mkewe amsaidie.

"Mawifi zangu nyote nawapenda," alisema Mwajabu, mtoto kifuani. "Ila wifi Sikudhani, laiki zile nilizigonga nikiwa peke yangu na huzuni yangu. Sikujua kama kuna mtu ananisoma."

Sikudhani akainamisha macho. "Nilikosea, wifi?"

"Sijui. Ndivyo nilivyopona." Kisha akamtazama mumewe. "Ahadi ulitoa wewe. Amua wewe, na safari hii usiiulize simu."

Barazani sheikh anakohoa, pilau inapoa, wageni wanatazamana. Mtoto ni mmoja na jina ni moja. Atakayekosa ni dada wa damu, na atalisikia jina la mwenzake likiitwa uani maisha yake yote.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: aliyeona, aliyeomba, au aliyesuka? Shaweji bado kasimama mlangoni. Mwambieni, amwite nani?