Paa la Chifu Dukicha

Wahenga hawakutunga methali kwa ajili ya watoto wa shule peke yao. Walizitunga kwa ajili ya wakubwa pia, ila wakubwa hawana nafasi ya kusikiliza. Waliposema mchimba kisima huingia mwenyewe, walimkusudia kila amtegeaye mwenzake shimo akasahau kwamba yeye naye ana miguu.

Mwaka wa hamsini na sita, Chifu Dukicha wa Garsen alipelekwa Nairobi kwenye mkutano wa machifu. Alirudi hana habari ya barabara, wala ya dawa, wala ya bei ya ng'ombe. Habari yake ilikuwa moja tu: ameona jumba ambamo watu hucheza mpira wa wavu ndani kwa ndani, jua lisiwaguse. Bwana Shauri, yule Mzungu aliyekuwa akisimamia tarafa, aliupenda mchezo huo kuliko chai. Akasema Garsen nayo ingefaa kuwa na jumba lake. Chifu akaitikia kabla hajamaliza kusema.

Timu zilikuwa mbili. Moja ya askari wa Chifu, warefu kama minazi, nahodha wao Molu. Ya pili ya wakulima wa Idsowe, nahodha wao Danson Buya, mgane mwenye viganja vipana kama makafi ya mtumbwi. Kila wakikutana uwanjani wakulima walishinda, na jambo hilo lilimkaa Chifu kooni kama mwiba wa kambare.

Basi Chifu akala njama. Mbele ya Bwana Shauri alitangaza kwamba siku ya kufungua jumba, timu itakayoshindwa, pamoja na mkubwa wake, itaziba mashimo ya barabara mwezi mzima bila kukosa siku. Bwana Shauri akafurahi, akaandika, akatia sahihi.

Danson aliposikia, alikaa chini. Siku ya kufungua jumba mto ungekuwa ndio umeanza kushuka, na tope la kupandia mahindi halimngoji mtu. Wiki mbili tu limekuwa gumu kama tofali. Wenzake walikuwa na wake wa kuwapandia. Yeye, Rebecca wake alikuwa kaburini tangu mwaka uliopita, kwa homa ambayo dawa yake, aliambiwa, iko njiani. Akienda barabarani, yeye na binti zake watatu wangekula upepo.

Sasa, kwa Waorma, kabila la Chifu, kujenga nyumba ni kazi ya wanawake. Chifu akamwita shangazi yake Darmi, fundi wa nyumba za kupinda fito, akamwagiza jumba refu: upande wa mashariki uende juu sana, upande wa magharibi uinamie chini. Darmi akamtazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Dukicha, mwanangu, hii ni nyumba gani? Magoti chini, matako juu, kama ng'ombe anayeamka."

"Ni mtindo wa Nairobi, shangazi."

"Basi watu wa Nairobi wana taabu," akasema Darmi, akaenda kukata fito.

Danson alipokwenda kulalamika, aliambiwa paa limeinama ili maji ya mvua yateremke. Mvua yenyewe Garsen ilikuwa haijaiona tangu mwaka juzi. Mto hujazwa na mvua za watu wengine. Wiki tatu askari walifanya mazoezi humo, upande wa mashariki tu. Wakulima walikatazwa kuingia, eti wana matope miguuni.

Siku ikafika. Mwamuzi alikuwa karani Abdulsalam, mtu wa Kipini, mwembamba, mwenye filimbi na kitabu cha kanuni. Mchezo ulikuwa mmoja wa pointi kumi na tano, na mpira ukigusa paa umepotea. Chifu akawapanga wakulima magharibi kwa mkono wake mwenyewe, kama mwenyeji mwema anayeonyesha wageni viti.

Danson alipiga mpira wa kwanza, ukagonga mikeka ya paa, vumbi likamwagika vichwani mwao kama unga. Wa pili vilevile. Askari walikuwa wakiruka na kutwanga watakavyo, huku wakulima wakicheza wameinama kama wanaopalilia. Nane kwa mbili. Chifu akawaambia kwa sauti wakanoe majembe.

Hapo filimbi ikalia.

"Karani, mbona unasimamisha?" akauliza Chifu.

"Tumefika nane, Chifu. Wabadilishane pande."

"Pande zipi?"

"Wa mashariki waende magharibi, wa magharibi waje mashariki. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Ya huko huko Nairobi ulikokwenda."

Chifu akamgeukia Bwana Shauri. Bwana Shauri akatikisa kichwa kukubali. Chifu maskini angesema nini? Kwamba upande ule haufai kuchezewa na binadamu? Kule Nairobi alikuwa ametazama paa, mchezo hakuutazama.

Molu akaruka kama alivyozoea, kichwa kikaingia katikati ya fito. Alishuka, lakini kofia yake haikushuka. Tangu hapo askari walicheza wameweka mkono mmoja utosini, na mkono uliobaki haukutosha kwa mpira. Wakulima wakapanda: saba, tisa, kumi na mbili. Ilipofika kumi na nne kwa kumi, Danson alisimama na mpira. Hakuwaza sifa, aliwaza tope linalokauka. Akaupiga chinichini, ukapita juu ya wavu kwa unene wa unyoya. Molu akautazama mpira, akalitazama paa, akachagua kichwa chake. Mpira ukatua.

Jumatatu Danson na binti zake walikuwa shambani, tope likiwa bado linakubali kidole. Barabarani Chifu Dukicha alikuwa ameshika jembe, na kwa kuwa ni mkubwa, kila mchungaji aliyepita ilimbidi asimame amsalimu kwa heshima: hujambo Chifu, watoto hawajambo, ng'ombe je, na kazi je? Naye ilimbidi ajibu yote, mwezi mzima, akiwa ndani ya shimo hadi magotini. Hakuna aliyemcheka usoni. Walingoja wapite kona, ndipo waambiane yale ambayo wakubwa hawana nafasi ya kuyasikiliza: mchimba kisima huingia mwenyewe.