Siku Mzee Kobe Alipolala Chali

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma mmekula nini, mbona sauti zinatokea puani? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nina wasikilizaji. Hapo zamani za kale mto ulikauka, ukabaki mchanga mtupu. Wanyama wakawa wanachimba visima humo mchangani. Msimamizi wa visima alikuwa Bi Tembo, na Bi Tembo alikuwa amechoka. Akatangaza: "Wanafunzi wakimaliza shule nitamchagua mmoja ashike kazi yangu. Atakayeipata nitampa makao hapa hapa, kando ya maji."

Digidigi akasikia. Mnamjua Digidigi? Kanyama kadogo, miguu vijiti, macho makubwa, na woga usio na mfano. Darasani akiulizwa jina lake alilinong'ona. Lakini nyumbani alikuwa na mama mwenye mguu mbovu. Kutoka kwao hadi majini ni mwendo wa asubuhi nzima. Kila siku mama alichechemea, kila siku alichelewa, kila siku alikuta tope. Digidigi akasema moyoni, "Kazi ile nitaipata. Mama yangu hatakunywa tope maisha yake yote."

Siku moja Mwalimu Nungunungu akasimama mbele ya darasa. "Kila Alhamisi, masomo yakiisha, tutakwenda msaragambo kuwachimbia wazee visima. Malipo hakuna."

"Na maksi?" akauliza Kima, kinara wa darasa.

"Maksi pia hakuna."

"Basi mimi tumbo linaniuma," akasema Kima, akakwea mti. Kwi kwi kwi! "Digidigi, wewe unayetaka kazi, kaa usome! Mchanga haujibu maswali ya Bi Tembo."

Digidigi akasita. Kisha akamfikiria mama yake, kwamba hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kumchimbia. Akaenda.

Wakachimba, kwaru kwaru kwaru! Wakaimba, nanyi niitikieni:

*Chimba, chimbua!*
Mchanga tupa kule!
*Leo kwa Kobe!*
Kesho kwa yule!

Wakamchimbia Mzee Kobe kisima kirefu, kuta zimesimama wima, kizuri cha kutazamwa. Walijisifu njia nzima. Hakuna aliyemwuliza Mzee Kobe anakunywaje maji.

Asubuhi Mzee Kobe akaja kunywa. Akainama. Pu! Pu! Pu! Chubwi! Akalala chali kisimani, miguu minne juu, anapiga hewa.

Wanafunzi wakaja mbio. "Ni yule aliyechimba!" "Si mimi, ni huyu!" Mmoja akakumbuka ameitwa nyumbani, wa pili akakumbuka pia. Wote wakatoweka, akabaki Digidigi. Na yeye alitaka kukimbia, msimwone shujaa. Miguu ilikwishageuka. Lakini akasema, nikikimbia leo, nitasimama lini? Akashuka, moyo du du du.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Mzee Kobe, bado yuko chali.

"Ni mimi niliyechimba. Sikuuliza. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini nigeuze kwanza."

Akasukuma kwa kichwa, akashindwa. Akasukuma tena, akashindwa. Akasukuma mara ya tatu, kobe huyo, gubu! Akasimama. Mzee Kobe akajipangusa mchanga, akasema, "Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu. Ujinga ni kunichimbia shimo ukaliita kisima."

Maneno yale yalimchoma Digidigi. Akabomoa ukuta mmoja kwa kwato mpaka Mzee Kobe akapata pa kutokea. Alhamisi iliyofuata Digidigi akapita mlango kwa mlango. Mzee Kobe akataka njia ya mteremko. Bi Kanga akataka kidimbwi kifupi cha vifaranga. Mama Nyati akamfokea hata kabla hajauliza, Digidigi akangoja hasira ipoe, ndipo akauliza. Kumbe Mama Nyati huogopa kuinama majini bila mtu wa kumlinda nyuma, kwa sababu huko nyuma ndiko Simba alikomkamatia dada yake. Digidigi akarudi kwa wenzake waliokimbia, hakuwasimanga. Akawapangia kazi, huyu mchanga, yule mawe. Alhamisi kwa Alhamisi, kwaru kwaru. Kwato zikachubuka. Sauti nayo ikakua, yeye mwenyewe hakujua.

Siku ya mtihani ikafika. Bi Tembo akauliza maswali kumi. Kima akajibu yote kumi, bila kukohoa. Digidigi akajibu saba.

Kima akashangilia mtini. Digidigi akainamisha kichwa, akauona moyoni mguu wa mama yake, akaliona lile tope. Machozi yakamlengalenga.

"Bado," akasema Bi Tembo. "Maswali yamekwisha, sasa kazi. Kisima kikubwa kimeporomoka leo alfajiri. Maji yaliyobaki yanajaa unyayo wangu mmoja, na wenye kiu hao wanakuja."

Kweli, vumbi likatimka. Kima akaruka juu ya jiwe. "Sheria ya kwanza, foleni! Sheria ya pili, kimya!"

"Foleni?" akanguruma Mama Nyati. "Ndama wangu ulimi uko nje, wewe unanisomea foleni?" Pembe zikashuka. Vifaranga wakalia. Kima akatafuta sheria ya tatu, hakuiona, akarudi mtini.

Digidigi akatoka. Woga anao, anakwenda. Akasimama chini ya pua ya Mama Nyati.

"Shikamoo, Mama Nyati. Ndama hajanywa tangu lini?"

Mama Nyati akainama ili asikie. "Tangu jana."

"Basi ndama atakunywa kwanza, pamoja na vifaranga. Wao matone yanawatosha. Wewe una kwato zenye nguvu. Ukituchimbia upande huu, maji yatafika kwa wote. Na nyuma yako nitasimama mimi kulinda. Hatapita mtu."

Mama Nyati akamtazama kale kanyama. Akapumua, fyuuu! Akaanza kuchimba. Wale wanafunzi wa Alhamisi wakaingia kila mmoja mahali pake bila kuitwa. Wakaimba:

*Chimba, chimbua!*
Mchanga tupa kule!

Maji yakapanda, yakajaa. Wote wakanywa. Mzee Kobe akashuka kwa mteremko wake, taratibu, akiwa wima.

"Sheria Kima anazijua kuliko wewe," akasema Bi Tembo. "Wewe haya umejifunza wapi?"

"Kwa Mzee Kobe, siku ile alipokuwa chali."

Bi Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga kofi. "Kamlete mama yako. Makao ni yako."

Jioni hiyo mama akatembea hatua ishirini tu, akainama, akanywa maji meupe. Aliendelea kunywa tu, na Digidigi akalia hadharani, hakuona haya.

Kima akashuka polepole. "Eti, msaragambo ni siku gani?"

"Alhamisi," akasema Digidigi. "Tumbo likikuuma, njoo nalo."

Wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmewaleta watoto tu, shikeni hili: darasa litakupa majibu, lakini kusema na watu, kuwasikiliza na kukiri kosa utajifunza kwa kuwatumikia. Anayejitolea leo hafanyi kazi ya bure, anajifunza kazi yake ya kesho.

Hadithi yangu imeishia hapo mchangani. Mwenye kiu achimbe, lakini aulize kwanza.