Tunapokea Mahindi, Si Unga

Mstari mwekundu wa kosa ulitokea tena kwenye kompyuta ya Kui. Aliandika amri upya, akabonyeza, akangoja. Mwekundu. Kipande cha arobaini cha programu yake kilikuwa kimekataa kujengeka tangu asubuhi, na kazi yake yote duniani ilikuwa kuhesabu nafasi tupu mwanzoni mwa mstari.

"Nafasi tupu!" Kui aliuambia ukuta. "Kitu kizima cha kuhesabu kitu ambacho hakipo!"

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Yaani kazi kubwa humalizwa na anayeibandua kidogo kidogo bila kukoma. Kui, aliyejifundisha kompyuta mwenyewe katika chumba chake cha Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo, aliijua methali hiyo tangu shuleni. Siku hiyo aliichukia.

Alikuwa akiandaa daftari la kompyuta, programu ambayo mwanafunzi huandika hesabu kwenye kivinjari akaona jibu na grafu papo hapo. Alitaka liingie katika ghala la programu za Linux, mfumo huria wa kompyuta, ambalo yeye na wenzake walilitunza kwa kujitolea. Daftari lilikuwa moja, lakini lilisimama juu ya vipande mia moja kumi na vinane vilivyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya programu za kivinjari. Sheria ya ghala ilitaka kila kimoja kijengwe upya kutoka maandishi yake ya asili, kwenye mashine isiyo na mtandao. Wiki tatu zilikuwa zimekwisha.

Simu ililia. Alikuwa Ledama, mwalimu wa hisabati huko Kajiado, mwenye kompyuta ishirini kuukuu katika maabara isiyo na mtandao.

"Supa, Kui," alimsalimu Kimaasai.

"Ipa, mwalimu."

"Mwalimu mkuu anataka kuona hizi kompyuta zikifundisha kitu Ijumaa. La sivyo chumba kinakuwa stoo ya mahindi. Niko na siku tatu tu."

Kui alikata shauri. Alichukua mtandaoni faili moja kubwa ambalo watu wengine walikuwa wamesaga ndani yake vipande vyote hadi maandishi ya asili yasisomeke, akalifunga, akalituma kwa Nalianya, mkaguzi wa ghala. Jibu lilifika kabla chai haijapoa.

"Dada Kui, hapa kuna faili lililosagwa. Sisi tunapokea mahindi, tunasaga wenyewe. Unga wa mtu hatujui alichanganya nini."

"Nalianya, ni daftari tu! Wanafunzi wanangoja."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana, ndiyo maana," Kui alimwigiza kwa sauti ya puani. Alilijaribu faili kwenye kompyuta yake. Likafunguka, grafu ikajipinda vizuri kama upinde. Akalitia kwenye flashi yake ya kazi, alipeleke Kajiado mwenyewe.

Ijumaa, Kui akiwa kando yake, Ledama alifungua daftari mbele ya mwalimu mkuu. Ukurasa ulibaki mweupe kama maziwa. Akafungua kwenye kompyuta ya pili, na ya tatu. Mweupe.

"Mwalimu," mkuu alisema taratibu, "hata daftari la dukani huanza hivi. Tupu."

Kui aliinama akasoma makosa, na masikio yakawaka moto. Ndani ya ule unga kulikuwa na kipande ambacho kila kilipofunguliwa kiliuita mtandao ukiletee nusu yake iliyobaki. Kitengela mtandao ulikuwepo, kikajibiwa bila yeye kujua. Hapa kiliita, asiitike mtu. Sheria aliyoilaani wiki tatu ilikuwa imetungwa kwa ajili ya chumba kama hiki.

Aliuondoa unga wote. Kwenye flashi hiyo hiyo kulikuwa na vipande thelathini na tisa alivyovijenga mwenyewe. Akaviweka.

"Hivi vinatosha hesabu tu. Grafu hamtaiona," alisema.

Ledama aliandika 17 × 23. Ikatoka 391. Mkuu akasogea, akaandika magunia yake, kila moja kilo tisini: 64 × 90. Ikatoka 5760.

"Na grafu?"

"Vipande sabini na tisa vimebaki."

Mkuu alikitazama chumba. "Mahindi yanaletwa tarehe tano mwezi ujao. Siku hiyo nisipoona grafu, magunia yanaingia."

Nje, Ledama alitikisa kichwa. "Sabini na tisa! Hata ng'ombe wa baba hawafiki hapo."

"Na hawa hawakubali kutembea pamoja," Kui alijibu.

Aliporudi Kitengela, kwanza alichomoa waya wa mtandao. Bila huo, kosa la kipande cha arobaini lilionekana wazi: mstari mmoja uliotaka kupakua kitu kisichohitajika, ambacho hata mtandaoni hakikuwepo tena. Akaufuta. Kijani. Akaanza cha arobaini na moja. Mwekundu. Akajaribu tena. Mwekundu.

Jua lilipozama, aliandika "41" kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo cha kompyuta ili kesho aanzie hapo. Gogo lilikuwa bado limelala pale pale, ila lilikuwa fupi kuliko jana. Na hakuna shoka la mtu mwingine lililowahi kulikata kwa pigo moja. Bandu bandu huisha gogo.