Nani Aliyemuuzia Hidaya?

Nikisema "Sogeeni," ninyi semeni "Tumesogea." Na anayesogea asogee na akili yake, maana mimi kisa ninacho, ila hukumu sina. Hukumu mtaitoa ninyi.

Sogeeni!

Haya. Palikuwa na watu watatu wa ukoo mmoja katika mji wa Lindi, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Rukaiya, na kipaji chake kilikuwa sauti. Rukaiya akikusimulia kiporo cha jana, utameza mate ukidhani ni biriani. Alikuwa akirekodi maneno yake kwenye simu na kuyatuma katika makundi ya wasap, na wanawake waliacha samaki waungue jikoni ili wamsikilize mpaka mwisho.

Wa pili alikuwa Nassoro, binamu yake, na kipaji chake kilikuwa jicho. Alipiga picha za harusi. Huyo hata ukimpa banda la kuku alipige picha, watu watauliza kodi yake kwa mwezi.

Wa tatu alikuwa Bi Mwanamkuu, mama yake Nassoro na shangazi yake Rukaiya. Yeye hakuwa na sauti ya kuvuta watu, na picha hakuzijua. Yeye alikuwa na jina. Alikuwa somo wa mtaa: msichana akikaribia kuolewa, Bi Mwanamkuu ndiye aliyemfunda, na ndiye aliyemsinga mwili kwa singo aliyoitwanga kwa mkono wake, liwa na karafuu na manjano, mpaka ngozi inang'aa. Neno lake halikuulizwa mara ya pili. Akisema "hii nzuri," basi nzuri.

Sasa ikatokea kampuni moja ya mbali, ambayo ofisi yake hakuna aliyewahi kuiona. Kampuni hiyo iliuza vitu kwa simu, na ilitafuta washirika. Masharti yake yalikuwa matamu: huhitaji mtaji, huhitaji duka, mzigo wenyewe huugusi. Unapewa kiungo chako, unakituma kwa watu, na mtu akikibonyeza akanunua, kampuni inampelekea kitu chake nyumbani nawe unapata kamisheni. Rukaiya alisoma hayo akafurahi. Mimi pale kwenye "mzigo huugusi" ningesita kidogo, lakini nani aliniuliza?

Akaanza. Akatuma viatu, akatuma blenda, akatuma manukato. Watu walibonyeza kweli, wakatazama bei, kisha wakaenda kununua sokoni kwa kupunguziwa. Wengine walimsikiliza yeye, halafu wakanunua kupitia kiungo cha mtu mwingine waliyekutana naye mwishoni, na kamisheni ikaenda kwa huyo wa mwisho. Siku moja kampuni ikapunguza fungu la washirika bila hodi. Akawa anatumia kwenye bando zaidi ya alichokipata.

"Mwanzo mgumu," alisema Rukaiya.

Ni kweli, mwanzo ni mgumu. Lakini upo ugumu unaokwambia vumilia, na upo unaokwambia geuka urudi, na huo wa pili mgeni wa kazi hausikii.

Kisha kampuni ikaleta kitu kipya: singo ya kopo. Haitwangwi, hairoweshwi, unafungua unapaka. Rukaiya alipoiona tu, akaenda mbio kwa shangazi yake, na Nassoro akaitwa. Wakakaa uani, wakakubaliana kusaidiana kwa kiungo kimoja.

Rukaiya akatoa sauti. Alisimulia habari za bibi harusi mmoja wa Mtwara, aliyepaka singo hiyo hata bwana harusi akamfunua shela akasahau jina lake mwenyewe. Watu walicheka, wakatumiana. Bibi harusi huyo hakuwapo. Rukaiya alimtunga akiwa anachambua mchele.

Nassoro akatoa picha. Kampuni haikumpa kopo la kujaribia, kwa hiyo alimchukua dada yake, akampaka mafuta ya nazi shavuni, akamsimamisha kwenye jua la asubuhi. Shavu likawaka. Pembeni akabandika picha ya kopo. Kila aliyeiona alijishika shavu lake mwenyewe.

Bi Mwanamkuu akatoa jina. "Shangazi, sema tu kwamba unaikubali," Rukaiya alimbembeleza. "Maneno mawili."

"Sijaishika mkononi, mwanangu."

"Si umeona picha?"

Picha alikuwa ameiona. Na magoti yalikuwa yanamuuma, na kinu kilikuwa kizito kuliko zamani. Basi akasema, "Haya, andika kwamba Somo ameikubali."

Mnaona? Watu watatu waliuza kitu, na kati yao hakuna hata mmoja aliyekuwa amekinusa.

Makopo yakaanza kuondoka. Safari hii watu hawakukimbilia sokoni. Walinunua hapohapo, Lindi, Nachingwea, mpaka Masasi. Na kopo moja lilinunuliwa nyumba ya tatu tu kutoka kwa Bi Mwanamkuu, kwa Mzee Nandonde, ambaye binti yake Hidaya alikuwa amewekwa ndani akisubiri harusi.

Hidaya huyu alikuwa msichana wa kucheka ovyo. Alikuwa amemsubiri mchumba wake arudi kutoka masomoni, na sasa karudi. Mama yake alitaka mwanawe atoke aking'aa kuliko mwali yeyote. Akampaka singo ya kopo mwenyewe, asubuhi na jioni.

Siku ya kwanza uso ukapata joto. Siku zilizofuata ukaanza kuwasha. Na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mlango wa kurudi ulikuwa bado wazi.

Mama yake Hidaya alimwandikia Rukaiya: "Mwanangu, inawasha. Ni kawaida?" Rukaiya hakujua. Lakini mwenye sauti nzuri huona haya kunyamaza. Akarekodi: "Ndiyo inafanya kazi hiyo, mama, usiache katikati."

Mama akapiga picha uso wa binti yake, akamtumia Nassoro. "Mbona umekuwa mwekundu?" Nassoro akaitazama haraka. "Ni mwanga huo, mama. Mpige karibu na dirisha."

Na jioni Bi Mwanamkuu alipoingia kumfunda, chumbani kukiwa na taa hafifu, Hidaya mwenyewe akamnong'oneza, "Somo, uso unaniunguza." Bi Mwanamkuu akamjibu kama alivyowajibu wasichana wote kabla yake, kama yeye pia alivyojibiwa na somo wake: "Singo isiyowasha haijashika. Mwali halalamiki."

Basi Hidaya hakulalamika tena. Alikuwa amefundwa vizuri mno, maskini.

Siku hizohizo ukaja ujumbe wa kampuni. Kiungo chao kilikuwa kimeuza kuliko vyote vya kusini, na kampuni ilitaka kumteua Balozi wa Kanda, mwenye mshahara wa kila mwezi. Lakini Balozi ni mmoja. "Tutumieni jina moja," ulisema ujumbe.

Uani pakawaka moto.

"Jina langu," alisema Rukaiya. "Bila sauti yangu nani angesikia kwamba kitu hicho kipo?"

"Wangesikia wakasahau," Nassoro akadakia. "Mtu hununua alichokiona. Shavu lile ndilo lililouza."

Bi Mwanamkuu akacheka kwa dharau kidogo. "Mji huu umejaa sauti na umejaa picha, wanangu. Watu walinunua walipoona 'Somo ameikubali.' Mimi ndiye niliyeuza."

Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alitaka kweli yake iwe peke yake. Wakakubaliana kwamba harusi ya Hidaya ikipita, wataita majirani waamue.

Asubuhi ya kumtoa mwali, wanawake walijaa kwa Mzee Nandonde, vigelegele vimewajaa vinywani. Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mama yake Hidaya akatangulia kutoka, akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Nendeni nyumbani." Hakuna aliyeondoka. Nyuma yake walimwona binti ameshikwa mabega na shangazi zake, uso umefunikwa khanga nyepesi, na khanga hiyo imelowa.

Hospitalini daktari alilinusa lile kopo akalisukuma mbali. Akasema hakuna liwa humo wala karafuu; ni dawa kali ya kuchubua, iliyotiwa rangi ya manjano. Macho yaliyovimba yatafunguka, akasema. Ngozi haitarudi ilivyokuwa. Na ndugu wa bwana harusi walipokuja, walikaa kidogo, wakasema, "Tusubiri kwanza," wakaondoka bila kusema wanasubiri nini.

Rukaiya akaiandikia kampuni. Jibu lilikuja papo hapo, lenye maua: "Asante kwa maoni yako! Kumbuka, mshirika anawajibika kwa maneno yake mwenyewe. Tunasubiri jina moja la Balozi." Akafuta tangazo lake, Nassoro akafuta picha. Lakini watu walikuwa wamekwisha kutumiana, na waliotumiwa wakatuma, na simu ya Rukaiya ikaendelea kulia: kopo limenunuliwa Ruangwa. Kopo limenunuliwa Newala. Hawakujua ni nyumba gani wakimbilie wakabishe hodi. Nami nawaambia, jambo hilo linanitisha kuliko yote.

Sasa tufike kwa Hidaya. Alikuwa kitandani, macho yamevimba hayaoni, na mtu wa kucheka ovyo alikuwa hacheki. Baba yake alimwambia kwamba Rukaiya, Nassoro na Somo wako nje ukumbini wanataka kumwomba radhi.

"Wote watatu?" Hidaya aliuliza.

"Wote."

"Sitaki watatu, baba. Wakija watatu kila mmoja ataegemea kwa mwenzake, na mimi siwaoni. Niletee mmoja. Yule aliyeniuzia. Nimshike mkono, anieleze uso wangu ulivyo sasa. Yeye anieleze, si daktari. Na nikitoka hapa, popote nitakapopita watu wakashtuka, awe pembeni yangu aseme: 'Ni mimi.'"

Mzee Nandonde akatoka na maneno hayo. Hakugombeza. Alisema tu, "Mwanangu anataka mtu mmoja."

Wale waliopigania jina moja uani, sasa kila mmoja alikuwa nalo, na lilikuwa la mwenzake.

Rukaiya akasema, "Mimi nilisema tu. Maneno matupu hayamchubui mtu. Angekuwa hakuona picha, asingeamini."

Nassoro akasema, "Mimi nilipiga picha ya mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi hayajamdhuru mtu tangu dunia iumbwe. Mama ndiye aliyeikubali."

Bi Mwanamkuu alilia. Katika watatu ni yeye peke yake aliyelia, lakini naye akasema, "Mimi sikuwa na simu wala kiungo. Waliniomba maneno mawili, nikawapa. Walioyachukua wakayapeleka sokoni ndio waliouza."

Najua kuna mtu hapa anataka kusema ni kampuni. Kweli kabisa. Nenda kailete, uikalishe pembeni ya kitanda, imshike Hidaya mkono. Na anayetaka kusema ni mama yake, huyo mama amekwisha kujihukumu. Hali chakula, halali usingizi, tusimwongezee.

Wamebaki watatu. Mmoja aliwafanya watu wasikie, mmoja aliwafanya watamani, mmoja aliwafanya waamini. Kila mmoja aliulizwa mara moja wakati mlango ulikuwa bado wazi, na kila mmoja aliufunga.

Nesi ameshika kitasa anasubiri. Ndani, msichana asiyeona amenyoosha mkono wake hewani, na mkono huo umeanza kuchoka.

Mimi nimesema vya kutosha. Haya, wewe uliyesogea: ungemsukuma nani aingie?